Mkate mmoja, nchi mbili jirani: Kuna nini ndani ya mkate wa soda wa Ireland?

Kila mwaka ifikapo tarehe 17 Machi, Siku ya Mtakatifu Patrick, mkate wa duara wenye alama ya msalaba juu yake hupewa nafasi ya heshima katika meza za Waireland na za wajukuu wao waliotawanyika duniani, hasa nchini Marekani. Lakini katika kisiwa chenyewe cha Ireland mkate huo si wa sikukuu. Ni chakula cha kila siku: huliwa asubuhi kwa siagi na chai, mchana kwa supu, na jioni kwa jibini au samaki waliokaushwa kwa moshi.

Kwa kuwa huliwa kila siku, swali la virutubisho vilivyomo ndani yake si la udadisi tu. Kipande kimoja hakimdhuru mtu wala hakimponyi. Vipande vinne kwa siku, mwaka baada ya mwaka, ni jambo jingine. Mkate wa soda una sifa ya kuwa chakula cha asili, kisicho na hamira, kisicho na sukari wala viungo vya viwandani, na wengi huuchukulia kuwa bora kwa afya kuliko mkate wa kiwandani uliokatwa vipande na kufungwa katika mfuko wa plastiki. Sifa hiyo ina ukweli ndani yake, ila si ukweli wote. Kuna chumvi ambayo ulimi hauitambui, kuna madini ambayo mwili hauwezi kuyachukua kwa urahisi, na kuna mpaka kati ya nchi mbili jirani unaobadilisha kilichomo katika unga wenyewe.

Vitu vinne tu

Mkate wa soda wa jadi hutengenezwa kwa vitu vinne: unga wa ngano, mtindi, chumvi na bikaboneti ya soda. Soda inayotajwa hapa si kinywaji cha chupa, bali ni ule unga mweupe laini unaouzwa madukani kwa jina la beking soda. Kazi yake ni kuumua mkate mahali pa hamira.

Hamira ni kiumbe hai. Huhitaji muda, joto na sukari iliyomo katika unga ili kutoa gesi inayoinua kinyunya. Bikaboneti ya soda haina uhai, wala haihitaji kusubiriwa. Inapokutana na asidi iliyomo katika mtindi, hutoa gesi ya kabonidioksidi papo hapo, pamoja na maji na chumvichumvi za sodiamu. Kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti, takriban gramu 5, kikipata asidi ya kutosha hutoa gesi yenye ujazo wa zaidi ya lita moja. Ndiyo maana mwokaji wa mkate huu haukandi unga kwa muda mrefu. Huuchanganya haraka, huufinyanga uwe duara, huuchora msalaba kwa kisu na kuuingiza katika tanuri kabla gesi haijatoroka.

Msalaba huo umezungukwa na hadithi nyingi. Wapo wanaosema ni wa kumfukuza shetani, na wapo wanaosema ni mlango wa kuwatoa majini wadogo wa ngano za Kiireland. Sababu ya kiufundi iko wazi zaidi: mkate ni mnene, na mikato hiyo huruhusu joto kufika katikati ili mkate uive bila kubaki mbichi ndani.

Si wa kale kama inavyodhaniwa

Watu wengi huuchukulia mkate huu kuwa wa kale mno. Ukweli ni kwamba bikaboneti ya soda ilianza kuenea katika majiko ya Ireland katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Maelekezo ya zamani yanayojulikana ya kutengeneza mkate huo kisiwani humo ni ya mwaka 1836, na yalihusishwa na gazeti la Newry, mji ulioko katika eneo ambalo leo ni Ireland Kaskazini.

Mkate huo uliifaa nchi kwa sababu tatu. Ya kwanza ni hali ya hewa. Ireland ina mvua nyingi na jua hafifu, na ngano inayostawi huko ni laini, yenye protini kidogo. Unga wa ngano hiyo hauwezi kujenga utando imara wa gluteni unaohitajika kushikilia gesi ya hamira kwa saa kadhaa, lakini unatosha kabisa kwa gesi ya soda inayofanya kazi kwa dakika chache. Ya pili ni mtindi, ambao ulikuwa ukibaki kwa wingi kila siagi ilipotengenezwa. Ya tatu ni jiko. Nyumba nyingi za mashambani hazikuwa na tanuri. Mkate uliokwa ndani ya chungu cha chuma chenye mfuniko, makaa ya mboji yakiwa chini na mengine yakiwekwa juu ya mfuniko. Upande wa kaskazini ulipikwa juu ya bamba la chuma, ukiwa umekatwa robo nne ambazo kila moja huitwa farl.

Baada ya Njaa Kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852, iliyosababishwa na ugonjwa wa viazi na kuua watu wapatao milioni moja, Waireland waliacha polepole kutegemea viazi peke yake. Mkate na chai vilichukua sehemu ya nafasi hiyo. Hivyo mkate wa soda ulipata umaarufu si kwa sababu ya ladha yake tu, bali pia kwa kuwa ulikuwa rahisi, wa haraka, na ulitumia kile kilichokuwamo nyumbani.

Hesabu ya mkate mmoja

Njia nzuri ya kujua kilichomo ndani ya mkate ni kuanza na kilichotiwa ndani yake. Mkate mweupe wa kawaida hutumia takriban gramu 450 za unga, mililita 400 za mtindi wenye mafuta kidogo, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti. Ukishaokwa na sehemu ya maji kugeuka mvuke, mkate huo hubaki na uzito wa karibu gramu 760, yaani vipande 15 vya gramu 50 kila kimoja.

Mkate wote huwa na takriban kilokalori 1,800. Kwa hiyo gramu 100, ambazo ni vipande viwili vinene, hutoa kilokalori zipatazo 240. Ndani ya gramu hizo 100 kuna wanga gramu 47 hivi, protini kati ya gramu 7 na 8, mafuta karibu gramu 1, na nyuzinyuzi zisizofika gramu 2. Sukari iliyomo ni kidogo, na sehemu yake kubwa ni ile ya asili inayotoka katika maziwa.

Takwimu hizo zinaonyesha mambo mawili. Kwanza, mkate wa soda wa jadi ni chakula chenye mafuta machache sana. Pili, protini yake ina ubora kidogo kuliko ya mkate wa unga na maji peke yake. Protini ya ngano ina upungufu wa laisini, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe. Maziwa yana laisini kwa wingi. Mtindi unapoungana na unga, kila kimoja hujaza sehemu ya pengo la mwenzake. Ni hekima ileile inayopatikana katika mlo wa ugali kwa maziwa ya mgando, au wali kwa maharage.

Mtindi pia huleta kalsiamu, vitamini B2 na fosforasi. Kalsiamu inayotokana na mtindi huo na unga usioongezwa virutubisho ni takriban miligramu 70 katika kila gramu 100 za mkate. Si nyingi, kwa kuwa mtu mzima anahitaji karibu miligramu 1,000 kwa siku, lakini kwa anayekula mkate huo kila siku mchango wake unahesabika.

Mkate unaouzwa Marekani kwa jina hilohilo ni kitu kingine. Wahamiaji na vizazi vyao waliuongeza sukari, siagi, mayai, zabibu kavu na mbegu za kisibiti, hata ukakaribia kuwa keki. Jedwali la virutubisho la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaupa mkate wa aina hiyo kilokalori 290 na mafuta gramu 5 kwa kila gramu 100. Anayetafuta taarifa za mkate wa soda na kukutana na takwimu hizo anapaswa kutambua kwamba anasoma habari za mkate wa Boston au New York, si ule wa kijiji cha Cork au Donegal.

Chumvi isiyoonekana

Jambo zito zaidi katika mkate huu ni sodiamu. Chumvi ya mezani ni muungano wa sodiamu na klorini, na sodiamu ndiyo inayohusishwa na kupanda kwa shinikizo la damu, chanzo kikubwa cha kiharusi na magonjwa ya moyo. Bikaboneti ya soda nayo ina sodiamu, zaidi ya robo ya uzito wake. Sodiamu hiyo haitoroki pamoja na gesi. Hubaki ndani ya mkate, na kwa kuwa haina ladha kali ya chumvi, mlaji haitambui.

Gramu 5 za bikaboneti hubeba takriban gramu 1.4 za sodiamu, kiasi kilicho sawa na kile cha gramu 3.4 za chumvi. Zikijumlishwa na gramu 5 za chumvi iliyotiwa kwa makusudi, na nyingine kidogo kutoka katika mtindi, mkate mzima unakuwa na sodiamu sawa na ya karibu gramu 9 za chumvi. Ni takriban gramu 1.2 kwa kila gramu 100. Kwa mujibu wa vigezo vya lebo za vyakula nchini Uingereza, chakula chenye zaidi ya gramu 1.5 za chumvi kwa gramu 100 huhesabiwa kuwa na chumvi nyingi. Mkate huu uko chini ya kiwango hicho, lakini hauko mbali nacho.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Anayekula vipande vinne vya mkate wa soda anapata takriban gramu 2.4, karibu nusu ya kiwango hicho. Akivipaka siagi yenye chumvi, kama ilivyo desturi ya Ireland, anavuka gramu 3 kabla hajagusa nyama, supu wala jibini. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ireland imekuwa ikiendesha mpango wa kupunguza chumvi katika vyakula vya viwandani tangu mwaka 2003, na mkate ni miongoni mwa vyakula vilivyolengwa. Hata hivyo, mpango wa viwandani haufiki katika jiko la nyumbani, na mkate wa soda bado huokwa na familia nyingi zenyewe.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua kemia hii kwa jina jingine. Magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya ni mchanganyiko wa asili wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na kwa vizazi vingi yametumiwa kulainisha maharage, kande na mboga za majani. Mpishi anayetia magadi na kisha chumvi anaongeza sodiamu mara mbili katika sufuria moja, sawa na mwokaji wa Ireland. Mgonjwa wa shinikizo la damu aliyeambiwa apunguze chumvi anahitaji kujua kwamba kibuyu cha chumvi si mlango pekee.

Magadi na bikaboneti yanafanana katika jambo jingine pia. Vyote viwili huondoa uchachu na kukielekeza chakula upande wa alkali, na vitamini B1 haivumilii hali hiyo, hasa kukiwa na joto. Soda inapozidi kiasi cha asidi ya mtindi, sehemu ya vitamini hiyo huharibika. Dalili za kuzidi kwake huonekana kwa macho na kwa ulimi: mkate hugeuka rangi ya manjano na kuwa na ladha ya sabuni.

Mweupe au wa kahawia

Katika maduka ya Ireland mkate wa soda hupatikana kwa sura mbili kuu. Mmoja ni mweupe, wa unga uliokobolewa. Mwingine ni wa kahawia, unaotumia unga wa ngano usiokobolewa, wenye pumba na kiini cha punje, aghalabu ukichanganywa na sehemu ya unga mweupe. Kaskazini mkate huo wa kahawia huitwa wheaten.

Tofauti kubwa kati yao ni nyuzinyuzi. Mkate mweupe una chini ya gramu 2 katika kila gramu 100. Ule wa nusu kwa nusu hufikia takriban gramu 4, na uliotengenezwa kwa unga usiokobolewa pekee hukaribia au kuvuka gramu 6. Sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu chakula kuitwa chenye nyuzinyuzi nyingi kikiwa na angalau gramu 6 kwa gramu 100. Mtu mzima anashauriwa kupata si chini ya gramu 25 kwa siku, kwa hiyo vipande vinne vya mkate wa kahawia halisi vinaweza kutoa karibu nusu ya mahitaji hayo. Nyuzinyuzi husaidia choo kuwa laini, hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, na matumizi yake ya kutosha yanahusishwa na kupungua kwa hatari ya magonjwa ya moyo na saratani ya utumbo mpana.

Mkate wa kahawia pia una madini ya chuma, zinki na magnesiamu kwa wingi zaidi, kwa sababu madini hayo hukaa katika pumba na kiini cha ngano, sehemu ambazo kinu huziondoa ili kupata unga mweupe. Lakini kuwamo kwa madini ndani ya chakula hakumaanishi kwamba mwili utayapata. Pumba ina asidi fitiki, ambayo hushikamana na chuma, zinki na kalsiamu na kuyazuia yasifyonzwe katika utumbo. Katika mkate wa hamira ulioachwa kuumuka kwa saa nyingi, na zaidi katika ule wa chachu ya asili, kimeng'enya kilichomo katika ngano hupata muda na uchachu wa kuivunja asidi hiyo. Katika mkate wa soda hakuna kimoja kati ya hivyo viwili. Kinyunya huingia tanurini baada ya dakika chache, na soda huwa imekwisha kuondoa uchachu. Sehemu kubwa ya asidi fitiki hubaki kama ilivyokuwa.

Funzo la mkate mweusi

Ireland ililijua jambo hilo kwa gharama kubwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nchi hiyo haikuegemea upande wowote, lakini meli zilizoleta ngano zilipungua. Ili punje ichache itoshe, wasagaji waliagizwa kutoa sehemu kubwa zaidi ya ngano katika unga, hadi mwaka 1942 punje nzima ikawa inatumika. Mkate uliotokana na unga huo uliitwa na wananchi mkate mweusi.

Kwa hesabu ya karatasini mkate huo ulikuwa na madini mengi kuliko uliotangulia. Lakini madaktari wa Dublin waliona watoto wenye matege, ugonjwa wa mifupa kuwa laini na kupinda, wakiongezeka katika mitaa ya maskini. Watoto hao walipata jua kidogo na maziwa machache, na asidi fitiki ya pumba ilizuia hata ile kalsiamu kidogo waliyokula. Kiwango cha pumba kilipopunguzwa, ugonjwa nao ulipungua. Nchini Uingereza, ambako mkate wa vita nao ulikuwa wa kahawia, serikali iliamua katika miaka hiyohiyo ya 1940 kuongeza kalsiamu katika unga.

Funzo hilo halimaanishi kwamba mkate wa kahawia ni mbaya. Kwa mtu mwenye mlo mchanganyiko, faida za nyuzinyuzi zinashinda upotevu wa madini. Mtindi wenyewe huongeza kalsiamu, na tunda lenye vitamini C linaloliwa pamoja na mkate husaidia mwili kufyonza chuma. Hatari huwapo pale mkate unapokuwa karibu chakula pekee. Chai nayo, ambayo Waireland huinywa sana pamoja na mkate huu, huzuia ufyonzaji wa chuma. Wenye upungufu wa damu hushauriwa kuinywa baadaye, si wakati wa kula.

Mpaka unaopita katika gunia la unga

Kisiwa cha Ireland kina nchi mbili: Jamhuri ya Ireland, iliyo mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na Ireland Kaskazini, iliyo sehemu ya Uingereza. Mkate wa soda haujui mpaka huo, lakini unga unaujua.

Sheria za Uingereza, ikiwemo Ireland Kaskazini, zinalazimisha unga wa ngano uliokobolewa kuongezwa kalsiamu, chuma, vitamini B1 na niasini. Kwa ajili hiyo mkate mweupe wa soda uliookwa Belfast unaweza kuwa na kalsiamu karibu maradufu ya ule uliookwa Dublin kwa maelekezo yaleyale. Jamhuri ya Ireland haina sheria ya lazima ya namna hiyo. Watengenezaji huongeza virutubisho kwa hiari yao.

Tofauti inaelekea kuongezeka. Uingereza imepitisha kanuni zinazotaka unga wa ngano uliokobolewa uongezwe pia asidi ya foliki, maikrogramu 250 kwa kila gramu 100 za unga, na mwisho wa muda wa kujiandaa uliwekwa kuwa Desemba 2026. Asidi ya foliki hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo na ubongo, ikiwemo ile ya mgongo wazi. Kasoro hizo hutokea katika wiki nne za mwanzo za mimba, wakati wanawake wengi hawajatambua kwamba ni wajawazito. Ndiyo maana ushauri wa kumeza vidonge vya maikrogramu 400 kila siku huwafaa zaidi wanaopanga mimba, na huwapita wale ambao mimba zao hazikupangwa. Mkate hauhitaji kupangwa. Kwa unga wa kiwango hicho, gramu 100 za mkate mweupe wa soda zitakuwa na takriban maikrogramu 150 kabla ya kuhesabu kinachopotea katika tanuri.

Ireland kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa nchi za Ulaya zenye viwango vya juu vya kasoro hizo. Sehemu kubwa ya unga unaotumika katika Jamhuri hununuliwa Uingereza, lakini unga unaosagwa kwa ajili ya kuuzwa nje haulazimiki kuongezwa virutubisho. Kwa hiyo mama wawili wanaoishi kilomita chache kutoka mpakani, mmoja huku na mwingine kule, wanaweza kula mkate wenye jina, sura na ladha moja, na bado mmoja akapata kinga ambayo mwenzake hakuipata. Katika Afrika Mashariki, Kenya na Tanzania zilikwisha kuweka masharti ya kuongeza virutubisho katika unga wa ngano wa viwandani mwanzoni mwa muongo wa 2010.

Kuna jambo la kuzingatia kwa wapenzi wa mkate wa kahawia. Kanuni za Uingereza haziugusi unga usiokobolewa, kwa hoja kwamba tayari una virutubisho vyake vya asili. Mwanamke anayekula mkate wa kahawia pekee asidhani kwamba amepata asidi ya foliki iliyoongezwa.

Bila hamira si bila gluteni

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kuamini kwamba mkate usio na hamira unawafaa watu wasioweza kula gluteni. Gluteni haitoki katika hamira. Ni protini ya ngano yenyewe, na mkate wa soda umejaa ngano. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao mwili wake hushambulia utumbo mdogo kila gluteni inapoingia, mkate huu ni sumu sawa na mkate mwingine wowote wa ngano.

Katika Ireland jambo hili si dogo. Utafiti uliofanywa magharibi mwa nchi hiyo, katika eneo la Galway, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulikuta mgonjwa mmoja katika kila watu 300 hivi, kiwango kilichoonekana kikubwa mno wakati huo. Leo, kwa vipimo bora zaidi, inakadiriwa kwamba ugonjwa huo huwapata karibu mtu mmoja katika kila 100 katika nchi nyingi za Ulaya. Wenye ugonjwa huo huoka mkate wa soda kwa unga wa mchele, viazi au mahindi. Mtindi nao una laktosi, na wasioivumilia sukari hiyo ya maziwa huweza kutumia maziwa yasiyo na laktosi yaliyotiwa maji ya limau.

Kinachopakwa juu, na kinachoweza kubadilishwa

Mara nyingi lawama anayobebeshwa mkate ni ya kile kilichopakwa juu yake. Kipande cha gramu 50 kina kilokalori zipatazo 120. Gramu 10 za siagi, ambazo ni kipimo cha kawaida tu, huongeza kilokalori 74 na mafuta gramu 8, ambapo zaidi ya nusu ni yale yaliyoshiba. Kaskazini, robo ya mkate wa soda hukaangwa katika mafuta ya nyama ya nguruwe na kuliwa kwa mayai na soseji asubuhi. Mkate uliokuwa na mafuta machache kuliko karibu vyote mezani hugeuka sifongo inayonyonya mafuta ya kikaangio.

Mwokaji wa nyumbani ana uwezo ambao mnunuzi wa mkate wa dukani hana. Akipunguza chumvi iwe nusu kijiko, sodiamu hushuka hadi kiasi cha gramu 0.8 za chumvi kwa gramu 100 za mkate, na uchachu wa mtindi husaidia kuficha upungufu huo. Asipotia chumvi kabisa, soda na mtindi peke yake vitaacha gramu 0.5. Ipo pia bikaboneti ya potasiamu, inayoumua mkate bila sodiamu, lakini wenye maradhi ya figo na wanaotumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu hawapaswi kuitumia bila kumwuliza daktari. Nusu ya unga ikibadilishwa kuwa usiokobolewa, nyuzinyuzi huongezeka zaidi ya maradufu. Na soda ikipimwa kwa kijiko kilichosawazishwa badala ya kumiminwa kwa kukadiria, mkate huokoa vitamini yake na ladha yake kwa pamoja.

Mkate wa soda hukauka upesi. Siku ya pili huwa mgumu, na siku ya tatu hufaa tu kuchomwa upya juu ya moto. Kwa sababu hiyo katika nyumba nyingi za mashambani uliokwa kila siku au kila baada ya siku moja, na anayeuoka leo anabaki na fursa hiyohiyo: kesho anaweza kubadilisha kipimo.